Pauni Mbili na Nusu

Ukitoka mjini Mombasa ukavuka daraja la Nyali kuelekea Bamburi, utapita steji inayoitwa Kengeleni. Makanga hulipaza jina hilo kutwa nzima, "Kengeleni wapo? Kengeleni shukeni!", na watu wanashuka na vikapu vyao vya Kongowea, wanapanda bodaboda, wanaenda zao. Nimepanda hizo matatu tangu nikiwa wa kupakatwa. Nilikuwa sekondari tayari siku nilipoinua macho nikaona kwamba pale kando ya barabara kweli kuna mnara wa kengele, mdogo tu. Nilikuwa nimelizoea jina hadi nikasahau kwamba ni neno lenye maana.

Nilipohamia Nairobi kwa kazi ndipo mambo hayo yalipoanza kunisumbua, na kilichonisumbua ni swali la kawaida kabisa. Unalijua. Mtu mmekutana naye juzi, mnakunywa chai, anakuuliza kwenu ni wapi.

"Mombasa."

"Mombasa ni kazi. Kwenu kwenu. Ushago."

"Mombasa tu. Freretown."

"Sawa, lakini mzee wako ni kabila gani?"

Hapo ndipo huwa nakohoa. Si kwa aibu, ama tuseme si kwa aibu tu. Ni kwamba jibu ni refu kuliko kikombe cha chai. Desemba ikifika ofisi nzima inabeba unga na mafuta ya kupikia inaelekea ushago, na mimi naenda Kisauni, ambako hakuna shamba, hakuna kaburi la babu wa babu, hakuna mlima wala mto wa kusema huu ndio wetu. Nilipokuwa mdogo nikimuuliza nyanya, alikuwa na jibu moja: "Sisi ni watu wa misheni. Tulikuja na manowari." Yaani tulikuja na meli ya vita ya Mwingereza. Kwangu ilisikika kama sinema. Niliwasimulia wenzangu shuleni kwamba sisi tulikuja na meli yenye mizinga, na kwa muhula mzima nilikuwa mtu mkubwa.

Nimekuja kusoma baadaye, na sasa nina swali ambalo sijui nimpelekee nani. Nitakueleza kwanza lilikotoka.

Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Aliyetumwa kutoka London kuanzisha mazungumzo hayo aliitwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Manowari zilikuwa zikiyasaka majahazi baharini, zikiyakamata na kuwatoa watu waliofungiwa ndani. Sasa watu hao wapelekwe wapi? Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watoto wengi, kwao kuko mbali na njia ya kurudi imejaa wakamataji walewale. Mwaka 1875, chama cha wamishenari wa Kianglikana cha CMS kikaanzisha kijiji upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kukipa jina la Frere. Ndiyo Frere Town, Freretown yetu. Watu waliotolewa majahazini wakaitwa mateka. Hilo neno lenyewe ukilifikiria linachekesha: umekombolewa, lakini jina lako bado ni mateka.

Waliowatangulia na kuwasaidia kusimama walikuwa watu wa aina ya pekee, wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Walitekwa utotoni, wakaokolewa na meli za Waingereza, wakapelekwa India, wakalelewa na kusomeshwa na misheni karibu na Nasik, kisha wakarudishwa pwani hii wakiwa watu wazima wenye ufundi na majina ya Kizungu. William Jones, Ishmael Semler, George David. Walijua Kiingereza na Kihindi, walijua uhunzi na useremala, na inasemekana hawakuchelewa kujiona wako juu ya mateka. Binadamu ni binadamu.

Na kengele je? Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu majahazi ya wakamataji yanapoonekana. Ilikuwa pia kengele ya kuamka, ya sala, ya kwenda kazini. Nasema hivi kwa sababu tunapenda kuikumbuka ile ya kwanza peke yake. Mji wa watu huru uliendeshwa kwa saa ya mtu mwingine. Tena kulikuwa na msimamizi pale, Mzungu aitwaye Streeter, aliyewatandika watu viboko na kuwafunga hadi habari zikafika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa mwaka 1881, akaondolewa. Hebu fikiria mtu aliyetolewa ndani ya jahazi la watumwa, akaambiwa uko huru, kisha akachapwa viboko kwa kutohudhuria kazi.

Lakini Streeter si swali langu. Watu wabaya wako kila mahali, hata kwenye kazi nzuri. Swali langu linatoka kwenye ule mkataba wenyewe.

Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya bahari na masoko. Utumwa wenyewe haukuguswa. Mashamba ya nafaka ya Malindi, mashamba ya Takaungu, minazi ya Mombasa, kote huko mtumwa alibaki mtumwa kwa sheria, na mwenyewe alibaki mwenyewe. Ina maana kwamba ndugu wawili wangeweza kutekwa siku moja katika kijiji kimoja, mmoja jahazi lake likakamatwa na manowari, mwingine jahazi lake likapenya hadi Malindi. Wa kwanza ni mtu huru, ana misheni, ana shule. Wa pili akitoroka usiku akatembea hadi kwenye mlango wa misheni hiyohiyo, ni mali ya mtu iliyopotea. Wamishenari waliagizwa wasiwapokee. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar aliwakumbusha hivyo zaidi ya mara moja. Uhuru wa mtu ulitegemea alikutwa majini au nchi kavu.

Hao wa nchi kavu waliitwa watoro.

Na walikuja tu. Wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba, ambaye aliwapa hifadhi na silaha. Wengine walikwenda Rabai, ambako kituo cha misheni kilikuwa mikononi mwa William Jones, yule wa Bombay. Jones mwenyewe alikuwa Myao aliyewahi kuuzwa. Rabai chini yake ikajaa watoro kwa mamia. Maagizo yalikuwepo, na Jones aliyajua kama wenzake. Napenda kufikiri kwamba aliyasoma barua hadi mwisho, akaikunja vizuri, kisha akaenda kuonyesha mtu mahali pa kujenga kibanda. Lakini hiyo ni mimi nafikiri.

Halafu kuna Fuladoyo, mahali ambapo nadhani hakuna mtoto wa shule Kenya aliyewahi kuulizwa katika mtihani. Fuladoyo iko ndani, katika nchi ya Wagiriama. Haikuanzishwa na meli, wala na Mzungu. Mwanzo wake ni waumini Wagiriama, akiwemo Abe Ngoa, waliohamia pale mwishoni mwa miaka ya 1870, na watoro walipopata habari wakaanza kumiminika kutoka mashamba ya pwani. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na mtama, wakajenga nyumba ya sala, wakaoana, wakazaa. Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wako huru. Walikuwa na ua wa miti ya miiba, na wao kwa wao. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa akakatwa kichwa mwaka 1883, wakati wenye watumwa walipokuwa wakiiandama ile makazi. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya mashahidi wa Namugongo ambao sote tunawajua. Fuladoyo ilipigwa, ikatawanyika, watu wakarudi, wakaanza tena.

Ninapoisoma habari hiyo huwa najiuliza kitu cha kitoto. Asubuhi moja ya 1882, tuseme, mwanamke anapalilia mahindi yake Fuladoyo. Ametoroka Takaungu miaka mitatu nyuma. Ana mume aliyemchagua mwenyewe na mtoto ambaye hakuna anayeweza kumuuza bila kupigana kwanza. Ukimsimamisha ukamuuliza, wewe ni mtumwa ama ni mtu huru, atakujibu nini? Na mtu wa Takaungu anayedai ni mali yake, na balozi aliyeko Zanzibar, nao wakiulizwa swali hilohilo kumhusu, jibu lao lina uzito gani kuliko lake?

Basi twende 1888. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki inakuja kuchukua utawala wa pwani, mkuu wake hapa ni George Mackenzie. Kusini, upande wa Wajerumani, Pangani inawaka moto wa vita. Mackenzie hataki Mombasa iwake. Na wenye watumwa wa Mombasa wana lalamiko moja kubwa: watoro wetu wako Rabai na vituo vingine vya misheni, tunawataka. Wanahesabiwa. Wanapatikana zaidi ya watu 1,400. Mackenzie anatafuta njia ya amani, na njia anayoipata ni fedha. Serikali ya Uingereza inatoa kidogo, wamishenari wanatoa, wapinga utumwa wa kule Uingereza wanachanga, jumla karibu pauni 3,500. Wenye watumwa wanalipwa. Mwanzoni mwa 1889 watoro wanapewa hati za uhuru kwa sherehe.

Nilichukua simu nikagawanya. Ni kama pauni mbili na nusu kwa kichwa.

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja, wakili, tukiwa tunakula nyama pale Kenyatta Market. Nilitarajia akasirike pamoja nami. Akaniuliza, huku akichovya ugali kwenye kachumbari: "Mtoto wako akitekwa nyara, wanataka laki tano, hutalipa?"

Nitalipa.

"Basi shida iko wapi? Watu 1,400 wanalala bila kuogopa kurudishwa kwa minyororo. Kwa pauni mbili na nusu. Mimi ningelipa hata mara mbili."

Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Kusema kweli bado ana haki, na mtu akiniambia kwamba ingekuwa bora wale watu wabaki bila hati ili kanuni isivunjwe, nitamwambia aende yeye akalale Rabai mwaka 1888 na mtoto mgongoni. Anayezama hachagui kamba. Lawama yangu haiwaendei waliozipokea zile hati hata kidogo.

Lakini nilirudi nyumbani na lile jambo likakataa kulala. Siku tatu baadaye nikampigia simu, nikamwambia nimeona shida iko wapi. Unapomlipa mtekaji nyara, kila mtu anajua ni mtekaji nyara. Polisi wanamtafuta. Ukipata nafasi utachukua hela zako na kumpeleka ndani. Fidia si hivyo. Fidia hulipwa mtu aliyepoteza kilicho chake. Ukimkanyagia mtu kuku ukamlipa, umekubali kuku alikuwa wake. Kwa hiyo siku Mackenzie alipohesabu zile fedha, alisema mambo mawili kwa pumzi moja. Kwa watoro alisema: kuanzia leo mko huru. Kwa matajiri wao alisema: hadi jana walikuwa wenu. Yule mwanamke na mahindi yake, miaka yote ile aliyoishi bila bwana, karatasi ilikuja ikamwambia kwamba alikuwa mtumwa muda wote huo na hakujua.

Wakili akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hiyo ni kweli. Lakini bado ningelipa." Na mimi bado ningelipa. Tukaiacha hapo.

Hata hivyo huo haukuwa ubunifu wa Mackenzie. Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake miaka ya 1830 ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa, na deni la fedha hizo halikumalizwa kulipwa hadi 2015. Umesoma sawasawa, 2015, mimi nilikuwa sekondari. Na hapa kwetu, sheria ilipofuta hadhi ya utumwa mwaka 1907, mahakama zilikaa zikisikiliza madai ya mabwana waliotaka walipwe. Waliotumwa maisha yao yote hawakuwa na dirisha la kupanga foleni. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, na mwenye shamba akaenda kuandikisha shamba. Aliyekuwa akililima hakuwa na cha kuandikisha. Bwana alipata fedha ya mtu, kisha akapata hati ya ardhi, na mtu akapata neno. Watoto wa watoto wake ndio hao unaosikia kwenye habari wanaitwa maskwota.

Sasa hilo neno. Naomba univumilie, maana hapa ndipo mimi hunata.

Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na neno la mtu asiye mtumwa: muungwana. Leo muungwana ni mtu mwenye adabu, anayepisha wazee matatu ikijaa. Zamani lilikuwa swali la hadhi kwanza, adabu ilifuata. Muungwana hatumwi, muungwana hauzwi. Na watu walilitamani mno hilo neno. Wapagazi wa misafara waliotoka Zanzibar kwenda bara na akina Stanley walijiita Wangwana, na wengi wao walikuwa watumwa au waliowahi kuwa watumwa. Walikofika Kongo, Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Yaani kuna lugha nzima iliyobeba jina la kitu ambacho wasemaji wake wa kwanza, kwa hesabu za mabwana zao, hawakuwa nacho. Nikiwaza hivyo nacheka peke yangu kwenye basi.

Na unamkumbuka Leonard Mambo Mbotela. Kama hukumsikia wewe, mzazi wako alimsikia. Kuanzia 1966, kwa zaidi ya miaka hamsini, sauti yake iliuliza Kenya redioni: Je, huu ni uungwana? Mtu anatema mate barabarani, mtu anafungulia redio usiku kucha jirani asilale, huu ni uungwana? Tulicheka, tukamwiga, alipofariki Februari 2025 tukasikitika kama amekufa mjomba. Wachache walikumbuka kwamba Mbotela alizaliwa Freretown, katika ukoo wa watu waliotekwa na kukombolewa. Ni ukoo uleule uliompa Kenya James Juma Mbotela, aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka 1934. Katika kitabu hicho Mwingereza anang'aa kama jua, na kuna wasomi waliomlaumu mwandishi kwa hilo. Mimi simlaumu sana. Angalia tu jina la kitabu. Miaka thelathini kabla ya 1963, neno uhuru tayari lilikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa hii.

Kwa hiyo mjukuu wa watumwa alikaa kwenye maikrofoni nusu karne akituuliza sisi, wenye ushago na makabila na mashamba, kama sisi ni waungwana. Sijui kama alikusudia hivyo. Sidhani. Lakini mimi siwezi tena kulisikia lile swali bila kulisikia hivyo.

Sasa chukua neno la upande wa pili. Mtoro. Leo mtoro ni nani? Mwanafunzi anayeruka ua kwenda kucheza kamare. Mume aliyeikimbia familia. Mwanajeshi aliyeacha kambi. Ni neno la lawama, halina upande mzuri hata mmoja. Lakini lilikuwa neno la nani? Mwenye shamba akiamka akakuta kibanda kitupu, yeye ndiye aliyesema "ametoroka". Aliyekuwa njiani usiku ule hakuwa anatoroka, alikuwa anaenda. Tumerithi neno pamoja na jicho la bwana ndani yake, na tunalitumia kila siku. Na wakati huohuo wazee wetu wa pwani wana methali kwamba muungwana ni kitendo. Kama ni kitendo, basi naomba mtu anionyeshe kitendo cha kiungwana kuliko kile cha mama aliyembeba mwanawe usiku akapita katikati ya mashamba bila kujua kama huko mbele kuna mlango utakaofunguliwa.

Nilienda nyumbani Pasaka. Nilimkuta nyanya amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamwamkia, nikaketi kwenye ngazi. Sikuwa nimepanga kumuuliza. Lilitoka tu.

"Nyanya, hivi kweli sisi tulikuja na manowari?"

Hakuacha kukuna. "Nani kakwambia?"

"Si weye."

"Basi."

Nikamsimulia nilivyosoma, Rabai, watoro, zile fedha. Alisikiliza yote bila kuinua uso. Nazi ilipokwisha akagonga kifuu, akachukua ingine, akaivunja kwa mgongo wa panga, maji akanipa mimi ninywe kama nilivyokuwa mtoto.

"Yule nyanya yangu mimi," akasema, "alikuja kwa miguu. Na mamake. Kutoka huko juu, Malindi. Wajua Malindi ni mbali? Alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Wakaingia Rabai."

"Mbona mwasema manowari?"

"Waliokuja na manowari ndio watu wa hapa. Mateka. Wana heshima zao. Mimi nilipoolewa huku Freretown ungetaka waniite mtoto wa watoro?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Hata babako hajui. Usimwambie kwa simu."

Miaka zaidi ya 130, na nyanya yangu alikuwa bado anaficha kwamba watu wake walijikomboa wenyewe. Anasingizia meli. Nilitaka kumwambia kila kitu nilichokwambia wewe hapa, neno kwa neno, lakini ukiwa mbele ya nyanya yako huanzi kumfundisha maana ya maisha yake. Nikamuuliza kuhusu hati.

"Ilikuwako karatasi. Kwenye kibweta cha nyanya. Mchwa wakaila."

"Iliandikwa nini?"

"Nitajuaje? Kizungu." Akafikiri. "Yeye mwenyewe hakuijali. Mamangu ndiye aliyekuwa akiitunza. Nyanya, ukimuuliza umri wake, alihesabu tangu usiku waliotoka. Alisema, mimi nina miaka kadha tangu tutoke. Ile aliyozaliwa nayo kule shambani hakuihesabu. Tulidhani ni uzee."

Nikamuomba aniambie majina yao, yule mtoto na mamake. La mtoto alilijua, yote mawili, la ubatizo na lile la nyumbani. La mama alilijua moja tu, na si Kiswahili, na hakuwa na uhakika kama anatamka sawa, kwa sababu na nyanyake alikuwa akilitamka kwa mdomo usio na meno. Alilisema mara tatu. Nililiandika kwenye simu kwa njia mbili, nikamsomea zote mbili.

"Hilo la pili," akasema. "Karibu hivyo. Haya, niletee maji tuchuje tui."